Bia ya ngano ya Kibelgiji: uchukue yenye choya, yenye kamomili, au ile isiyo na ua?

Mwezi wa saba dada yangu mkubwa alikuja likizo kutoka Leuven, Ubelgiji, akashukia uwanja wa ndege wa Songwe na begi ambalo nusu yake ilikuwa chupa za bia zimeviringishwa kwenye masweta. Hoegaarden ya kawaida, bia ya ngano ya kiwanda kidogo cha hukohuko yenye kamomili, lile ua la chai, nyingine ya kiwanda kingine kidogo yenye choya, wengine mnaiita rozela, na za Kijerumani zile ndefu za nusu lita ambazo nazo ni za ngano ila hazina ua wala kiungo chochote. Akaniambia, mdogo wangu, kila ukipiga simu unaniuliza hizi bia za maua zikoje, haya onja mwenyewe. Basi tukaonja, wiki nzima, kidogokidogo kila jioni, hapa nyumbani Uyole, Mbeya, mimi, mke wangu, dada, na baba mkwe aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Ifunda.

Tangu niseme nimeonja, kila mwenye ndugu Ulaya ananiuliza swali lilelile, kwamba nikiambiwa nichague chupa mbili tu nichague zipi. Ni swali la maana kwa sababu chupa moja ya mililita 330 ikiwa imejaa inazidi nusu kilo, mtu hawezi kukubebea kreti, na ukichagua vibaya unabaki na kitu usichokipenda na aliyekuletea ameumia mabega bure. Kwahiyo jibu langu nalitoa hapahapa afu nieleze. Kama hujawahi kuonja bia ya ngano kabisa, moja kati ya hizo mbili iwe isiyo na ua, lazima, la sivyo hutajua ua limefanya nini. Ya pili, kama wewe ni mtu wa kunywa na chakula chukua choya, kama ni mtu wa kukaa na glasi moja jioni unaongea taratibu chukua kamomili. Mi mwenyewe nachukua kamomili. Mke wangu anachukua choya na hataki kusikia kingine.

Bia yenyewe kwanza. Wabelgiji wa upande wa dada wanaiita witbier, yani bia nyeupe. Tofauti yake na lager tunazozijua ni kwamba karibu nusu ya nafaka ni ngano, na hiyo ngano haijaoteshwa kuwa kimea, inaingia mbichi vilevile, nusu iliyobaki ndo kimea cha shayiri. Ngano mbichi ina protini nyingi na ndo inayoleta ule ukungu na povu zito. Ukienda Makete au ukipanda kule Uporoto ukakuta mashamba ya ngano, ni nafaka hiyohiyo, sema ya kwetu inaishia kwenye chapati na maandazi. Halafu wanatia mbegu za giligilani zilizopondwa na maganda makavu ya machungwa machungu, na hopsi, lile ua linaloipa bia uchungu, kidogo tu, kwahiyo uchungu ni mdogo sana ukilinganisha na bia uliyozoea. Kilevi sio kikubwa, Hoegaarden ni asilimia 4.9, yani iko katikati ya Kilimanjaro yenye 4.5 na Safari yenye 5.5. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiona rangi nyeupe na harufu ya maua wanadhani ni juisi, wanakunywa haraka.

Na hii bia ilishawahi kufa kabisa, hilo dada alinisimulia na linanigusa kila nikilikumbuka. Hoegaarden ni kijiji, sio mbali na Leuven, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe pale kilikuwa kimeshafungwa, watu wamehamia lager. Muuza maziwa mmoja, Pierre Celis, ambaye ujanani alikuwa akisaidia kazi kwenye kiwanda kile cha jirani, akaona hapana, mwaka 1966 akaanza kuitengeneza upya kwa kukumbuka namna alivyoona inafanyika. Ikashika. Mwaka 1985 kiwanda chake kikaungua, kampuni kubwa ikaingia kumsaidia na mwishowe ikakichukua, yeye akaenda Marekani kufungua kingine Austin, Texas mwaka 1992. Alifariki 2011. Leo karibu bia zote nyeupe za Kibelgiji unazoziona duniani, na hizi za maua zikiwemo, zinatoka kwenye kumbukumbu za yule mtu mmoja, na mi nikiwaza wazee wetu wanaojua kutengeneza pombe za kienyeji kama komoni na kimpumu na hawajaacha mtu wa kumfundisha naona hii habari sio ya Ubelgiji peke yake.

Sasa tulipomimina Hoegaarden ya kwanza baba mkwe akainua glasi kwenye taa, akaizungusha, akanusa, akasema huu ni ulanzi, yani ile pombe yetu ya mianzi. Hakuwa anatania, alimaanisha kwamba anaujua huo ukungu. Na ukiiangalia kweli, rangi ni ya ulanzi, nyeupe inayoelekea njano ya majani makavu, huoni kidole upande wa pili wa glasi, na uchachu mdogo mwishoni upo. Tofauti inakuja puani. Ulanzi unanuka mlanzi wenyewe na hamira iliyokuja na upepo, maana ule ukikingwa kwenye mbeta unaanza kuchacha wenyewe, asubuhi ni mtamu, ukikaa unakuwa mkangafu. Hii ya Wabelgiji hamira imechaguliwa na kutiwa, na harufu inayokuja kwanza ni ganda la chungwa, nyuma yake giligilani, nyuma zaidi kitu kama mkate mbichi kabla haujaingia kwenye tanuri. Mzee alikunywa yote taratibu akaomba ya pili. Kwahiyo kama unamletea mzee wa Iringa au Njombe aliyekulia kwenye ulanzi, usihangaike na maua, mpelekee hii ya kawaida.

Za Kijerumani nitazipitia haraka, sio kwa kuzidharau, ni kwamba swali letu ni la maua. Zile kwa utaratibu wao angalau nusu ya kimea lazima iwe ngano, na hawaruhusu giligilani wala ganda, ila hamira yao yenyewe inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Ndizi mbivu kabisa, kama ile ya Tukuyu iliyokaa siku mbili zaidi. Mwili wake mzito, inashibisha. Mtu anayependa bia ijaze mdomo ataipenda kuliko za Ubelgiji, lakini mtu anayetafuta wepesi ataona imemkalia. Kama dukani umekuta ya Kijerumani tu ukadhani ndo ileile ya Kibelgiji kwa sababu zote zimeandikwa ngano, utashangaa, ni vitu viwili tofauti.

Sasa maua. Kwanza tuelewane kwamba kila bia ina ua, hopsi yenyewe ni ua, ni vile vikoni vya mmea jike wa mhopsi, kwahiyo anayesema maua kwenye bia ni mambo ya ajabu anakunywa maua tangu zamani. Kinachobadilika hapa ni kwamba ua la pili linaongezwa na linatakiwa lisikike bila kufunika ngano. Na hapo ndo choya na kamomili zinapoachana, maana moja inafanya kazi ulimini na nyingine inafanya kazi puani. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya kuchagua.

Kamomili. Tulifungua siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni, baridi imeshaanza kushuka. Ukiimimina huoni tofauti yoyote na ya kawaida, rangi ileile, labda njano kidogo zaidi. Mke wangu akasema hii si ileile ya juzi? Nikamwambia nusa kwanza usinywe. Akanusa, akakaa kimya, akanusa tena, akasema tufaa. Na ndivyo ilivyo, hilo jina la kamomili asili yake ni Kigiriki na maana yake ni tufaa la ardhini, na Wahispania wanaiita manzanilla, yani tufaa dogo. Ni tufaa pamoja na majani makavu yaliyoanikwa juani, na asali kidogo, lakini bia yenyewe sio tamu, na huo utofauti kati ya pua inayosema asali na ulimi unaosema mkavu ndo unaonifanya niipende. Ukimeza, mwishoni kabisa kuna uchungu mdogo mwembamba wa kamomili yenyewe unaokaa pembeni ya ulimi, kama ule wa chai ya kamomili uliyoisahau kwenye kikombe dakika kumi. Kwenye chupa zetu ulikuwa mdogo unaopendeza. Ila hapo ndo hatari ya hii aina ilipo, mtengenezaji akichemsha maua muda mrefu badala ya kuyatia mwishoni moto ukiwa umezimwa, uchungu unazidi na bia inakuwa dawa. Ukimuuliza muuzaji au ukisoma lebo na ukaona wameeleza maua yanatiwa mwishoni, hiyo ni dalili nzuri.

Kingine cha kamomili ni kwamba haina sauti kubwa. Ukiinywa huku unakula kitu chenye pilipili, imepotea, umepoteza chupa. Ukiinywa kwenye baa yenye moshi wa nyama choma hutasikia kitu. Inataka utulivu. Baba mkwe alisema ni nzuri lakini haoni kwanini mtu apande ndege nayo, na namwelewa, kwa mtu ambaye hanusi kabla ya kunywa tofauti ni ndogo.

Na hapa lazima niseme jambo kwa watu wa Mufindi, Makete, Njombe na sisi wa huku Mbeya tunaolima au kupita kwenye mashamba ya pareto. Ua la kamomili na ua la pareto vinafanana sana kwa macho, petali nyeupe kuzunguka kitovu cha njano, na vyote ni vya familia moja ya mimea. Pareto ni dawa ya kuua wadudu, ndo kazi yake, ndo sababu maua yanapelekwa kiwandani Mafinga. Usije ukachuma ua shambani kwa sababu umesoma kwamba Wabelgiji wanatia maua meupe kwenye bia, ukaliloweka kwenye kinywaji chochote. Kamomili nunua iliyokaushwa na kufungwa dukani kama chai. Na kama wewe ni wale ambao wakivuna pareto wanawashwa mikono au macho yanavimba, basi kamomili nayo iendee kwa tahadhari au iache, kwa sababu ya huo undugu wao. Mke wa rafiki yangu anawashwa na pareto, nilipomweleza akasema basi mi nichukue choya, na nadhani aliamua vizuri.

Choya sasa. Hii hakuna anayeuliza kama ni ileile ya juzi. Ikiingia kwenye glasi ni nyekundu inayoelekea waridi, na kwa sababu ya ukungu wa ngano haing'ai kama juisi ya choya, inakuwa kama imechanganywa na maziwa tone moja, na povu lake nalo lina waridi hafifu. Dada aliweka glasi dirishani upande wa magharibi jua likiwa linazama na sote tukaacha kuongea kidogo. Tunasema maua lakini kinachotumika hasa ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki baada ya petali kudondoka, na kina asidi nyingi, ndo maana uchachu wake ni wa wazi. Kwenye bia uchachu huo unakutana na ule uchachu mdogo wa ngano na ganda la chungwa, vinashikana mkono, na giligilani inakaa nyuma. Ladha ni ya matunda mekundu, zambarau changa, na mwishoni ukakasi, yani ule unaokausha ulimi kama umekula ganda la ndizi mbichi.

Ule ukakasi ndo unaoamua. Mke wangu anaupenda kwa sababu unamfanya atake funda lingine. Mi glasi ya kwanza naifurahia, ya pili ulimi umechoka. Na kwa upande wa harufu choya inatoa kidogo kuliko rangi inavyokuahidi, ukinusa unapata tindikali na matunda kwa mbali lakini hakuna ule mlango unaofunguka kama wa kamomili. Kwahiyo mtu anayependa kunusa ataona amedanganywa na rangi, na mtu anayependa ladha kali atafurahi tangu funda la kwanza.

Chupa ya kwanza ya choya tuliipoteza nusu, nawaeleza ili lisiwakute. Tulifungua siku ileile begi lilipofika, ilikuwa imetikiswa kwenye ndege mbili na teksi, kifuniko kilipotoka tu povu jekundu likaruka mpaka kwenye kitambaa cha meza na doa la choya halitoki kirahisi. Bia hizi zina gesi nyingi kuliko lager, na hamira hai au mashapo yake yamo chini, na huku kwetu mwinuko ni mkubwa, Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko Dar, gesi inatoka kwa fujo zaidi. Iache chupa isimame wima kwenye friji angalau siku nzima kabla ya kuifungua, na kama imekuja na basi kutoka Dar, ikapita joto lote la Morogoro na Mikumi na mitikisiko ya Kitonga, ipe siku mbili.

Chakula. Hapa ndo choya inapoibeba siku. Tulichukua kitimoto cha kukaanga, kile chenye mafuta yake na ndizi za kukaanga pembeni na kachumbari, tukajaribu zote. Ya kawaida ilikaa vizuri, ganda la chungwa linasafisha mdomo. Ya Kijerumani ilikuwa nzuri sana kusema kweli, karafuu na nguruwe vinaelewana. Ya kamomili ilipotea kama nilivyosema. Ya choya ikakata yale mafuta kama limao, kila funda unaanza upya, na ule ukakasi uliokuwa unanichosha peke yake ukawa na kazi. Siku nyingine dada akataka usipa, kwahiyo nikapita Mwanjelwa nikachukua wa kutoka Ziwa Nyasa, tukawakaanga wakavu na chumvi na limao, na hapo mshindi akawa Hoegaarden ya kawaida bila ubishi, choya ilichacha mno juu ya limao. Parachichi la Rungwe lililoiva na chumvi kidogo na kipande cha mkate, hicho ndo kitu pekee ambacho kamomili ilikaa nacho vizuri, ule ulaini wa parachichi haugombani na harufu. Ukiwa na wageni na chakula chenye pilipili au nyama ya mafuta chukua choya, usifikirie mara mbili.

Baridi ya bia. Uyole mwezi wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi 10 kirahisi, watu wako na makoti, na swali la kwanza la mke wangu lilikuwa nani anakunywa bia ya friji na baridi hii. Ni swali la haki. Bia nyeupe kwa kawaida inanywewa ikiwa na nyuzi 4 mpaka 7 hivi, na ya kawaida na ya choya ziko sawa hapo. Lakini kamomili ukiinywa baridi sana harufu inalala, hupati kitu, na hapo ndo niligundua hali yetu ya hewa inaisaidia. Tuliitoa kwenye friji tukaiacha juu ya meza ya jikoni dakika ishirini, na kwenye glasi ikazidi kufunguka kadri mikono inavyoipa joto, funda la mwisho lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Choya ikipata joto inageuka, ukakasi unapanda, kwahiyo hiyo mimina kidogokidogo chupa ikiwa imebaki kwenye baridi. Kwahiyo kwa mtu wa Mbeya, Makete au Mafinga mwenye miezi ya sita, saba na nane ya baridi, kamomili inafaa zaidi, na kwa mtu wa Kyela au Usangu kwenye joto choya inafaa zaidi, na kama nduguyo anakuja Disemba mpangie kwa kuangalia hilo.

Kumimina nako kunabadilisha unachoonja, na watu wengi wanakosea. Glasi iwe safi isiyo na mafuta, maana mafuta yanaua povu, usitumie ile iliyotoka kunywewa maziwa au iliyooshwa pamoja na sufuria ya kitimoto. Wabelgiji wa Hoegaarden wana glasi yao nzito yenye pande sita, lakini glasi yoyote pana inatosha. Inamishe, mimina polepole theluthi mbili, afu chupa iliyobaki izungushe kwa mkono ili mashapo ya chini yainuke, kisha malizia. Hiyo hamira ya chini ndo nusu ya ladha ya ngano, ukiiacha chupani umekunywa bia nyembamba. Kwa ya choya lakini mi nashauri uache kidogo chini, mashapo yake kwetu yalikuwa na uchungu wa ziada. Na wale wa kutumbukiza kipande cha limao kwenye glasi, kwenye ya kawaida fanya ukipenda ingawa povu litapungua, kwenye ya choya usifanye, uchachu juu ya uchachu, na kwenye kamomili limao litaua kile ulicholipia.

Kama hujui kabisa wewe ni mtu wa choya au wa kamomili kuna njia ya kujipima hapahapa kabla hujamwagiza mtu, na mi ningetamani ningeijua mapema. Chukua choya kavu za kiganja kidogo, loweka kwenye kikombe cha maji ya moto dakika tano, chuja, acha ipoe. Kikombe kingine weka pakiti moja ya chai ya kamomili, dakika nne tu. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na kwa kamomili hiyo inatosha kabisa. Usitie sukari. Afu chukua lager yoyote laini, mimina kwenye glasi mbili ndogo, moja tia kijiko cha chakula cha choya, nyingine kijiko cha kamomili. Haitakuwa bia ya ngano, mwili na giligilani havipo, lakini ua utalisikia na utajua ulimi wako unaegemea wapi. Nilimfanyia jirani yangu hivi, mtu ambaye alikuwa ameshaamua choya kwa sababu ya rangi, akaonja vijiko vyote viwili akabadilisha palepale. Mwingine alionja kamomili akasema inamkumbusha hospitali, basi huyo tayari ameokoa hela na mzigo wa mtu.

Ubichi wa bia unahusika pia, na hapa ya kawaida ndo inaumia zaidi. Hizi sio bia za kuweka kabatini miaka, ganda la chungwa na giligilani vinafifia, na kamomili nayo harufu inaondoka kwanza. Choya inavumilia kidogo kwa sababu uchachu hauondoki, ila rangi inaanza kuelekea udongo. Mwambie anayekuletea asome tarehe iliyoandikwa kwenye chupa, achukue ya karibuni, na ukishaipata iweke gizani, jua la dirishani linaharibu hopsi na bia inatoa harufu ya kicheche, hasa kama chupa ni ya kijani au nyeupe. Za kahawia zinastahimili zaidi.

Kwa wasiofaa kunywa kabisa, hizi zote ni pombe, mjamzito na anayeshika usukani ziwapite hata kama zinanukia bustani, na mtu ambaye ngano inamletea matatizo tumboni hakuna hata moja hapa inayomfaa, kwake ulanzi una nafuu maana hauna ngano.

Jioni ya mwisho kabla dada hajaondoka zilikuwa zimebaki chupa mbili, choya moja na kamomili moja. Nilidhani tutagombania. Mke wangu akachukua choya, akamimina kwenye kikombe chake cha chai kwa sababu glasi zote zilikuwa chafu, dada akasema wifi angalau nikuoshee glasi uone rangi, akamjibu rangi nishaiona, nataka ladha. Mi nikagawana kamomili na dada, barazani, mablanketi mabegani, hatukuwasha hata taa. Orodha ya Disemba nimeshamtumia. Kamomili mbili, choya mbili kwa sababu Krismasi kitimoto hakikosekani, na Hoegaarden mbili za baba mkwe, amepiga simu mwenyewe kutoka Ifunda kukumbusha kwamba zake zisiwe na ua.